Paka wangu, jina la babu, na ugomvi na mama

Jumapili iliyopita nimegombana na mama kwenye simu, na chanzo ni paka.

Ngoja nieleze. Chumba ninachopanga hapa Sinza kilivamiwa na panya. Walianza na unga, wakahamia kwenye sabuni, mwisho wakatafuna kona ya kitabu changu cha Garfield, kile nilichokinunua nikiwa chuoni kwa wale jamaa wanaopanga vitabu vya mtumba chini, Mtaa wa Samora. Unga nilivumilia. Kitabu nikasema hapana! Mpiga picha mmoja wa pale kazini ana paka aliyezalia darini kwake, akaniletea mtoto mmoja ndani ya boksi la karatasi za printa. Dume, rangi ya chungwa yenye michirizi, tumbo kubwa kuliko kichwa. Nilipofungua boksi alikitazama chumba chote taratibu kama dalali, akapanda kitandani, akalala. Panya walipita usiku ule kama kawaida.

Mtu aliyekua akisoma Garfield akipewa paka wa rangi hiyo, mnajua atamwitaje. Lakini mimi niliona huo ni uvivu. Badala ya kuchukua jina la paka wa Jim Davis, nikaamua kufanya kile alichofanya Jim Davis mwenyewe: nikampa paka jina la babu yangu. Babu mzaa mama, marehemu, mtu mnene, mpenzi wa usingizi wa mchana, ambaye chai ikichelewa nyumba nzima ilijua. Kwangu ilikuwa ni mapenzi. Nikampigia mama, nikamwamkia, nikamsimulia huku nacheka.

Mama hakucheka. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: “Huyo paka akiiba samaki ukamfukuza na ufagio, utakuwa unamfukuza nani?”

Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba baba yake, kwa uhai wake wote, hajawahi kufukuzwa na ufagio. Akakata simu.

Tangu siku hiyo, nikitoka kazini usiku, nimekuwa nachimba historia ya majina ya paka wa kwenye katuni. Sitaki kuwadanganya, nilianza kwa nia ya kutafuta hoja za kumshinda mama. Nimezipata chache. Nyingine nilizozikuta zinamsaidia yeye.

Tuanze na Garfield. Jim Davis alizaliwa mwaka 1945 katika jimbo la Indiana, akakulia kwenye shamba lililokuwa na paka wapatao 25. Alikuwa na pumu, akawa analazwa ndani na mama yake anampa penseli na karatasi apitishe muda. Alipokuwa mkubwa alichora katuni ya mdudu kwenye gazeti dogo la Pendleton, mji mmoja wa huko huko Indiana. Magazeti makubwa yakaikataa. Mhariri mmoja akamwambia michoro yake ni mizuri na vichekesho ni vizuri, ila wadudu! Nani ajione ndani ya mdudu? Davis akatazama katuni zilizokuwa zinauza wakati ule akaona mbwa wamejaa tele na paka ni wachache. Akaanza katuni ya kijana anayeitwa Jon, ambaye pembeni yake alikuwa na paka. Paka akawa ndiye anayechekesha, Jon akabaki kumsikiliza, mwisho katuni ikabadilishwa jina kumfuata paka. Tarehe 19 Juni 1978 ikatoka katika magazeti 41 ya Marekani. Mwaka 2002 Guinness iliitambua kuwa katuni inayochapwa na magazeti mengi kuliko zote duniani, zaidi ya 2,500.

Jina alilitoa kwa babu yake, James Garfield Davis, mzee mwenye mwili na mwenye hasira za karibu. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu ya kwanza kwa mama: tazama, mtu amempa paka jina la babu, na babu amejulikana dunia nzima!

Lakini jina lenyewe halikuanzia kwa babu. Babu naye alipewa jina la James A. Garfield, rais wa 20 wa Marekani. Huyu alizaliwa mwaka 1831 katika kibanda cha magogo huko Ohio, baba akafa yeye akiwa bado mtoto mchanga, akafanya kazi kwenye mashua za mfereji, akasoma mpaka akawa mwalimu wa Kigiriki na Kilatini, akawa jenerali upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliapishwa Machi 1881. Tarehe 2 Julai mwaka huo huo, kwenye stesheni ya treni Washington, mtu aliyeitwa Charles Guiteau akampiga risasi. Risasi yenyewe labda isingemuua. Madaktari waliitafuta mwilini mwake kwa vidole na vyuma visivyosafishwa, kidonda kikaoza, akateseka siku 79, akafa tarehe 19 Septemba. Wamarekani walimlilia sana, na wapo wazazi waliowapa watoto wao jina lake.

Sasa nenda kwenye Google uandike Garfield peke yake. Picha zinazokuja ni za nani? Rais aliyeuawa akiwa madarakani, mmoja wa wanne tu katika historia ya nchi ile, amefunikwa na paka anayekula lasanya. Na yule babu wa Indiana amefunikwa pamoja naye. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikamkumbuka mama. Yeye hajawahi kusikia habari za rais huyo, lakini hicho ndicho alichokuwa anakiogopa: kwamba siku moja mjukuu atasikia jina la baba yake na kuuliza, “yule paka?”

Nikasema basi, niangalie paka wengine. Nikakutana na kitu ambacho sikukitarajia: paka maarufu wa katuni, karibu wote, hawakubaki na jina lao la kwanza.

Tom wa Tom na Jerry, ambaye hata asiyejua kusoma anamjua, hakuwa Tom. Filamu ya kwanza ya William Hanna na Joseph Barbera ilitoka kampuni ya MGM Februari 1940, na ndani yake mwanamke wa nyumba anamwita paka Jasper. Panya hata jina hatajwi. Filamu ilipopendwa ikabidi waitengeneze nyingine, wakaweka kofia yenye vikaratasi vya majina, mchoraji mmoja anayeitwa John Carr akashinda dola 50 kwa kuandika Tom na Jerry. Dola 50! Leo mtaani kwetu wapangaji wawili wakigombania zamu ya kufagia uani wanaitwa Tom na Jerry, na aliyetoa majina alilipwa mara moja tu.

Felix, yule mweusi mwenye macho makubwa, alipotoka mwaka 1919 katika filamu fupi ya studio ya Pat Sullivan, aliyechorwa na Otto Messmer, aliitwa Master Tom. Jina la Felix lilitoka kwa John King wa Paramount, aliyecheza na maneno mawili ya Kilatini, felis yaani paka na felix yaani mwenye bahati. Paka mweusi kwa Wazungu ni nuksi, huyu akapewa jina la bahati. Mwaka 1923 akaingia kwenye magazeti kama katuni ya vipande. Na Sylvester, yule anayemfukuzia ndege wa njano bila mafanikio, katika filamu ya mwaka 1947 iliyopata Oscar anaitwa Thomas. Jina la Sylvester alilipata mwaka 1948, nalo limetoka kwenye Kilatini cha paka mwitu, Felis silvestris.

Mmeona? Mmoja alianza na jina lingine akaishia kuwa Tom, wawili walianza kama Tom wakaishia kuwa kitu kingine. Sababu ni kwamba kwa Kiingereza Tom si jina hasa, ni kama kusema “dume”. Wanasema chanzo chake ni kitabu kilichotoka London mwaka 1760 bila jina la mwandishi, kikisimulia maisha ya paka anayeitwa Tom. Kabla ya hapo paka dume aliitwa kwa majina mengine. Kwa hiyo Thomas, jina la mtume na la maelfu ya wanaume wenye ndevu, liligeuka kuwa neno la jumla la paka, na sijasikia akina Thomas wakiandamana. Hoja moja kwangu.

Kisa kinachonifurahisha kuliko vyote ni cha Catbert, katika Dilbert, katuni ya maofisini ya Scott Adams ambayo magazeti mengi ya Marekani yaliiondoa mwaka 2023 kwa maneno ya mchoraji wake kuhusu watu weusi. Adams alimchora paka apite siku chache tu amsumbue Dilbert, hakumpa jina lolote. Wasomaji wakaanza kumwandikia: tunamtaka tena Catbert! Hawakuwa wamekubaliana, hawakujuana, ila waliona mwenye nyumba ni Dilbert na mbwa ni Dogbert, basi paka atakuwa nani tena? Adams akaona paka ambaye watu wamempa jina wenyewe hawezi kumtupa. Akamwajiri kuwa mkurugenzi wa rasilimali watu, anayewachezea wafanyakazi kabla ya kuwafukuza. Kila ofisi niliyowahi kufanya kazi imekuwa na Catbert wake, na mniruhusu niishie hapo maana bado nahitaji mshahara.

Lakini paka aliyenikalisha usiku kucha ni mzee kuliko hawa wote. Mwaka 1910, gazeti la New York Evening Journal lilikuwa linachapa katuni ya George Herriman kuhusu familia ya Dingbat na majirani zao wa ghorofani. Chini ya picha ilikuwa inabaki nafasi. Herriman, ili asiache nafasi tupu, akawa anachora huko chini paka wa familia hiyo na panya. Siku moja mwezi Julai panya akamrushia paka kitu kichwani. Paka yule hakuwa na jina, alikuwa paka tu wa kujazia ukurasa. Panya akawa anamwita paka kichaa, “Krazy Kat”, na tusi hilo likawa jina. Tarehe 28 Oktoba 1913 akapewa katuni yake mwenyewe na iliendelea mpaka mwaka 1944. Kwa miaka yote hiyo panya anamrushia tofali, na Krazy anapokea tofali kama barua ya mapenzi. Mbwa polisi anampenda Krazy na kumfunga panya. Hiyo ndiyo hadithi nzima, miaka thelathini. Wasomaji wengi hawakuielewa, lakini mwenye gazeti, William Randolph Hearst, aliipenda akakataa iondolewe.

Waingereza na Wamarekani wamebishana sana kama Krazy ni dume au jike, kwa sababu Herriman aliandika hivi leo na vile kesho. Mfasiri wa Kiswahili asingepata shida yoyote. Angeandika “yeye”, akaenda kunywa chai.

Sasa msikilizeni Herriman mwenyewe. Alizaliwa New Orleans mwaka 1880, familia ikahamia Los Angeles akiwa mtoto. Kazini hakuna aliyejua asili yake, wenzake wakampa jina la utani, Mgiriki, naye akaliacha liendelee. Karibu kila picha yake amevaa kofia. Alipofariki Aprili 1944, cheti cha kifo kiliandika ni mzungu. Mwaka 1971 mtafiti mmoja alikipata cheti chake cha kuzaliwa, na kilikuwa kimeandika kwamba ni mtoto wa “rangi”. Wazazi wake walikuwa Wakrioli, watu wenye damu ya Kiafrika, na walipohamia California waliamua kuishi kama wazungu. Katika Marekani ya wakati ule, ya ubaguzi wa wazi, mchoraji aliyejulikana kuwa mweusi asingepewa kiti katika chumba cha habari cha gazeti kubwa la wazungu. Fikiria basi: mtu anakaa mezani miaka zaidi ya thelathini akiitikia jina ambalo si lake, ndilo linalomlinda, na kila siku anachora paka aliyepewa jina na mtu anayemrushia matofali. Mimi naandika habari kwa jina langu halisi juu ya ukurasa, na sikuwahi kuona kuwa hiyo ni bahati.

Hapo nikaanza kuona kwamba nilikuwa naliuliza swali upande mmoja tu. Nilikuwa nauliza kama jina la mtu linaweza kwenda kwa paka. Je, jina la mnyama likienda kwa mtu? Hapo kwetu hatuna tatizo kabisa! Abu Huraira, swahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume kuliko wote, anaitwa hivyo kwa sababu ya kipaka alichokuwa akikipenda. Maana yake ni baba wa kijipaka, na leo utakuta vijana hapa Dar wanaitwa Abuhuraira na wazazi wao wanajivunia. Na mnyama maarufu kuliko wote kwenye katuni za magazeti yetu ni nani? Panya. Kipanya wa Masoud. Na amekuwa maarufu kiasi kwamba amempa jina mchoraji wake, anaitwa Masoud Kipanya na hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Mnyama akimpa mtu jina ni sifa, mtu akimpa mnyama jina ni dharau. Mbwa nao tunawapa majina ya mafumbo, Mtajiju, Wivu, ili jirani asikie mbwa anapoitwa. Kwa hiyo mama hakuwa anazua. Kwetu jina la mnyama ni maneno yanayorushwa kwa mtu fulani, na anayelisikia huangalia limetoka wapi na linamlenga nani.

Na paka? Mara nyingi hatumpi chochote. Paka ni paka, au Nyau. Tusijione washamba lakini. Miaka zaidi ya 3,300 iliyopita mwana wa mfalme wa Misri, Thutmose, mtoto mkubwa wa Amenhotep wa Tatu, alimchongea paka wake aliyekufa jeneza la mawe lenye picha na maandishi, na jina lililoandikwa humo ni Ta-miu. Maana yake ni paka jike. Gharama zote zile, na jina ni Paka!

Juzi nikampigia mama tena. Nilikuwa nimejiandaa na rais, na Mgiriki, na Abu Huraira. Sikufika mbali. Mama aliuliza kama nakumbuka ile hadithi ya Nunda mla watu aliyokuwa akitusimulia babu umeme ukikatika. Nakumbuka. Ni hadithi ya zamani sana ya pwani, Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi alizokusanya Unguja. Paka wa sultani anakula ndama, watu wanalalamika, sultani anasema paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Anakula mbuzi, ng'ombe, punda, jibu ni lile lile. Anakula watu. Sultani anaendelea kumwita paka mpaka siku anapokula watoto wake mwenyewe, ndipo anakiri kwamba huyu si paka tena, ni Nunda.

“Babu yako alikuwa anasimama hapo,” mama akasema. “Anauliza, sultani alichelewa siku ngapi kumpa jina lake?” Mimi sehemu hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Babu naye alikuwa na paka, wa kulinda mahindi ghalani, kabla mimi sijazaliwa. Alikaa miezi bila jina. Mwisho babu akawa anamwita Karani, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anamkuta amekaa juu ya magunia kama anayahesabu. Nikamuuliza mama kwa nini hakuniambia hilo siku ile ya ugomvi. Akasema sikuuliza, nilikuwa natoa hotuba.

Paka wangu sasa ana wiki tatu humu ndani. Jina la babu nimeliondoa. Lile la Karani nimeliacha lilipo, lina mwenyewe. Lakini hapa uani kuna watoto wa mwenye nyumba, wawili, ambao siku ya kwanza walimwona analetwa ndani ya boksi. Wao hawakuomba ushauri wa mtu. Wakirudi shule wanasimama mlangoni kwangu wanaita “Boksi! Boksi!” na huyu bwana, ambaye mimi nikimwita hata sikio halisogezi, anaamka, anajinyoosha, anatoka.

Jana usiku nikiwa kazini, ukurasa haujafungwa na mhariri amesimama nyuma yangu, simu ikaita mlio wa ujumbe. Mama ameandika: “Boksi ameshakamata panya?”

Nikamjibu bado.